Kamba ya Bibi Kipara

Kazi yangu ni kukagua mizani sokoni, na sina simile na mtu anayechezea vipimo. Jumamosi mchana tunakutana mtandaoni kucheza mchezo wa hadithi, na mimi ndiye msimulizi: nasema kuna mto, kuna majambazi, na kila mmoja anaamua mhusika wake afanye nini. Afaulu au asifaulu, hiyo ni kazi ya dadu ya pande ishirini. Namba ikiwa kubwa, umepona. Kila mtu hurusha yake nyumbani, nje ya kamera, kisha huitaja. Tunaaminiana. Shemeji hajawahi kupata chini ya kumi na tano tangu tuanze, naye tunamwamini hivyo hivyo.

Mkewe, yaani dada yangu, ni muuguzi. Huyo hasemi uongo hata wa kumpoza mgonjwa. Sindano ikiwa itauma, atakwambia itauma sana.

Aliyenitia wasiwasi ni Kinyozi. Alihamia mji asikomjua mtu, na ukiacha wateja, anaongea na sisi tu. Mhusika wake ni Bibi Kipara, ajuza mwenye mdomo mchafu, na wametoka mbali. "Huyu akifa, mimi basi," alishasema. Hakuwa anatutisha, na ndiyo maana niliogopa.

Jumamosi iliyopita daraja likakatika. Bibi Kipara akabaki ananing'inia juu ya bonde, kamba iko mikononi mwa mhusika wa Dada. Shemeji alikuwa kazini.

"Dada, rusha," nikasema. "Chini ya kumi na saba, kamba inateleza."

"Punguza kidogo, mdogo wangu."

"Sipunguzi."

Kinyozi alikuwa anakunja taulo lililokwisha kukunjwa. Nilijuta kutaja namba ile, lakini ilishanitoka.

Dada akarusha kwa nguvu mno. Nikasikia dadu ikigonga meza, ikaangukia sakafuni.

"Kumi na nane," akasema, macho kwenye kamera.

Dadu ilikuwa bado inabingirika. Niliisikia ikipita chini ya kiti, ikagonga kitu cha bati, ikatulia. Dada hakuinama kuitazama.

"Kumi na nane," nikarudia, kwa sauti ninayotumia sokoni kabla ya kupiga muhuri. "Kamba imeshika."

Kinyozi akashusha pumzi. Akauliza kama Bibi Kipara anaruhusiwa kumtukana aliyejenga lile daraja. Nikamwambia anaruhusiwa.