Ghorofa Kumi na Sita kwa Miguu

Nilifika Astana asubuhi kwa treni, mara yangu ya kwanza, nikiwa na mfuko wa maandazi na hasira ya siku mbili. Mjukuu wangu Aldiyar alikuwa ameanza kusimama. Kwetu, mtoto akisimama hufungwa miguu kwa kamba nyeusi na nyeupe, kisha mtu mwenye mwendo mzuri huikata, ili mtoto arithi mwendo wake. Kazi hiyo niliahidiwa mimi. Juzi mkwe wangu Balzhan akapiga simu.

"Mama, usikasirike. Unaonaje bosi wangu, Bi Raushan, akikata yeye? Wewe na huo mguu..."

Ni kweli nachechemea, farasi alinipiga teke. Lakini nimechunga kondoo kwa mguu huo miaka ishirini, na hakuna hata mmoja aliyenitoroka.

Mji wenyewe sikuuelewa. Minara ya vioo imesimama kama iliyokatazwa kukaa. Barabara ni pana, kondoo mia tano wangepita sambamba, na kondoo hakuna. Basi lilikataa noti zangu za tenge, eti linataka kadi. Nilimsalimu mwanamke mmoja, akanionyesha kidude sikioni: anaongea na mwingine kwa simu. Basi nikatembea. Upepo ulikuwa ule ule wa nyumbani, nikafurahi kukuta angalau mmoja ninayemjua.

Nilijaribu majengo matatu yasiyo na tofauti. Kwenye la tatu mlinzi akaniuliza nambari ya siri.

"Siri gani? Namtaka mwanangu Yerkebulan!"

Mlinzi akapiga simu juu, Yerkebulan akashuka mbio.

"Twende kwenye lifti, Mama. Wageni wameshafika."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya kumi na sita."

"Ngazi ziko wapi?"

"Mama, acha vituko!"

"Wapigie simu wasiiguse ile kamba. Wananisema mguu, basi nakuja kwa mguu."

Akanifuata nyuma. Ghorofa ya tisa akaketi.

"Pumzika basi, Mama."

"Pumzika wewe, mtu wa ofisi."

Ya kumi na mbili goti liliwaka moto, nikatamani kulia. Nilishika ukuta nikapanda.

Mlangoni alisimama mama yake Balzhan, amevaa dhahabu.

"Karibu, dada. Mwenda pole hajikwai, au sio?"

"Na kutangulia si kufika," nikamjibu.

Ndani, Bi Raushan alikuwa na kisu mkononi na viatu vyenye visigino virefu miguuni. Alinitazama nilivyolowa jasho, kisha akachungulia ngazini, ambako mtu alikuwa anahema.

"Huyo nyuma yako ni nani?"

"Mwanangu. Yeye ana miguu mizima."

Bi Raushan alicheka hadi akajishika mbavu. Akageuza kisu, mpini ukanielekea.

"Mimi nakaa ghorofa ya pili, na bado napanda lifti. Shika, Mama."

Balzhan aliinamisha kichwa. Nikapiga magoti, goti likalia, nikaikata kamba. Aldiyar akapiga hatua mbili, ya tatu akaanguka kifudifudi. Mama yake Balzhan akautazama mguu wangu, na Balzhan akaruka kumwinua mtoto.

"Mwache!" nikasema.

Aldiyar hakulia. Aliweka viganja sakafuni, akainua makalio kwanza, kisha kichwa, akaendelea na safari yake.