Springi Mbili za Njano

Tannus aliingia gereji akitembea kama mtu aliyemeza fimbo, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukinipungia ili nione kwamba hana neno.

"Mgongo?" nikamuuliza.

"Mgongo gani, Onnik? Mgongo mzima. Gari ndilo mgonjwa."

Gari lenyewe alikuwa ameliegesha nje, nusu barabarani, nusu juu ya njia ya watu, kama tunavyoegesha sote hapa mtaani kwetu Burj Hammud. Gari la Kitaliano la kispoti, jekundu, viti viwili, turubai badala ya paa, la mwaka sitini na saba. Nimelifungua mara nyingi kuliko nilivyofungua Biblia, Mungu anisamehe. Vita vilinichukulia gereji yangu ya kwanza, mlipuko wa bandarini ukanichukulia milango na vioo vya hii ya pili, na mara zote mbili mteja wa kwanza kurudi alikuwa Tannus, akilalamika kwamba kuna kitu kinagonga huko chini. Mtu wa namna hiyo unamvumilia.

"Nataka springi mpya na shokapu mpya, zote nne," akasema. "Na nataka Hunaina arudi kwenye kiti chake."

Hapo nikaweka spana chini. Hunaina ni mkewe, ndoa yao ina miaka arobaini na moja. Mwaka wa tatu huu, kila Jumamosi, wawili hao wanapanda kijijini kwao mlimani kwa magari mawili. Tannus yuko mbele, anarushwarushwa na kigari chake chekundu. Hunaina yuko nyuma na gari lake la Kijapani, kiyoyozi kinavuma, anaimba. Mume na mke, barabara moja, msafara kama wa waziri.

"Njia nzima naongea peke yangu," akasema Tannus. "Juzi nimetoa mzaha mtamu sana pale kwenye kona ya kanisa, hakuna wa kucheka. Nikaurudia tulipofika nyumbani, ukawa umeshapoa."

Nikamwekea mezani springi za aina mbili, urefu sawa, rangi tofauti. Nyeusi zilikuwa laini, kipimo kilekile gari lilichozaliwa nacho. Njano zilikuwa za mashindano ya kupanda milima, waya wake mnene kama kidole changu, na vidole vyangu si vya mpiga kinanda.

"Springi inabeba, shokapu inatuliza," nikamwambia. "Ukitia springi ngumu, kila jiwe la njiani utalijua kwa jina. Ukitia laini utastarehe, ila kwenye kona gari litalala ubavu kidogo. Kwa barabara zetu hizi, na kwa hicho kiuno ambacho hakikuumi, chukua nyeusi. Nitakutilia shokapu zinazorekebishika, nizikaze kiasi, gari lisinesenese."

Tannus alikuwa ameshazikumbatia za njano kama mjukuu.

"Gari la kispoti halilali ubavu," akasema. "Watu wa mkahawani kijijini wakiniona nakata kona nimeinama kama mlevi, watasemaje?"

"Watasema, oneni, leo kampakia mkewe."

"Funga za njano."

Sasa, mimi sipimi springi kwenye gari tupu. Naweka magunia ya ngano vitini, uzito wa wale watakaokaa, kisha ndipo napima bodi imesimama juu ya tairi kwa kiasi gani. Nikamuuliza Tannus uzito wake, akasema themanini na tano.

"Na Hunaina?"

Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Andika hamsini."

"Baba Rizk!" Hunaina alikuwa amesimama papo hapo mlangoni, mkoba begani. Rizk ndiye mtoto wao wa kwanza, yuko Montreal, lakini jina lake linaitwa hapa mara mia kwa siku. "Hamsini niliiacha shuleni! Onnik, andika sabini na mbili, na usimsikilize huyu muungwana."

"Karibu, shemeji. Kahawa?"

"Nitakunywa nikirudi, kama nitakuwa bado na meno."

Nikazifunga za njano, nne. Wakaondoka kulijaribu gari, kwenda hadi darajani na kurudi. Baada ya dakika kumi alirudi Tannus, peke yake.

"Yuko wapi?"

"Anakuja," akasema, akiutazama usukani. "Kwa miguu."

Hunaina alifika na hereni moja. Akaketi juu ya tairi kuukuu, akavuta pumzi.

"Nimejing'ata ulimi mara mbili," akasema. "Na lile shimo mbele ya duka la viatu nimelisikia kwenye meno ya juu. Baba Rizk, nakupenda. Lakini nakupenda zaidi ukiwa kwenye gari lingine."

Tannus alizunguka gari mara moja, akapiga tairi teke, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayevua kofia mazishini: "Funga nyeusi."

Safari hii walikawia nusu saa, nikaanza kuchungulia barabarani. Walirudi turubai limefunuliwa, Hunaina ana aiskrimu mkononi na hakuna hata tone lililoanguka kwenye gauni.

"Linainama kwenye kona," akanung'unika Tannus.

"Gari halikuinama," akasema Hunaina. "Mimi ndiye niliyeinama. Nilikuwa nakuegemea."

Tannus akawa mwekundu kuliko bodi. Jumamosi wakapanda mlimani, watu wawili, gari moja, nami nikajipongeza kwa kitambaa kipya cha kufutia mikono.

Jumapili saa sita mchana niko mezani kwangu, simu ikalia.

"Onnik! Springi zako zimelala chali!"

"Umegonga nini?"

"Sijagonga kitu, hata sijatoka uani! Wadad amepakia muneh!"

Wadad ni dada yake Hunaina, ndiye anayekaa kijijini mwaka mzima. Nikafumba macho. Ilikuwa mwisho wa Septemba, msimu wa muneh, akiba ya majira ya baridi. Mitungi ya bilinganya kwenye mafuta, mitungi ya zeituni, dumu la mafuta, siki ya zabibu, jibini, mifuko ya ngano na ya kishk, ule unga wa ngano na maziwa ya mgando: chakula cha nyumba nzima hadi majira ya kuchipua. Na sisi wanaume wawili wenye mvi, tuliozaliwa nchi hii, tulikuwa tumepima watu kilo kwa kilo, tukaacha buti la gari tupu. Buti tupu, linatoka kijijini, mwisho wa Septemba! Kitu hicho hakijawahi kuonekana kati ya bahari na bonde la Bekaa.

"Punguza mitungi," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Njoo uipunguze wewe. Wadad amesimama hapa mikono kiunoni." Kisha sauti yake ikashuka. "Onnik, Hunaina anasema atateremka na muneh kwenye pikapu ya jirani. Pikapu! Narudi peke yangu tena."

Nikatupa garini jeki mbili na springi mbili za njano, nikamwachia mke wangu nyama yangu ya kuchoma, nikapanda mlima.

Nilikuta gari limekaa kitako kama mbwa anayeomba mkate, pua juu, bomba la moshi linabusu kokoto. Hunaina alikuwa ameshakaa kwenye pikapu, mkoba mapajani, tayari kabisa.

"Shemeji, shuka."

"Nishuke niende wapi, Onnik? Bilinganya zangu hazisafiri peke yazo."

"Nipe saa moja."

Akaziona springi mkononi mwangu. "Zile za njano? Ulimi wangu umepona juzi tu!"

"Shemeji, za njano hazikuwa mbaya. Zilikuwa na njaa. Springi ngumu isipopata mzigo inarukaruka kama mbuzi. Ipe mzigo, itatulia."

Akanitazama kama anavyomtazama muuza samaki. "Saa moja," akasema. Hakushuka.

Tukapakua kila kitu, tukalinyanyua gari, nikaingia chini. Tannus alikuwa akinipa spana isiyo yenyewe kila nilipoomba, na Wadad alisimama kando ya miguu yangu iliyotokeza nje.

"Angalia usinichanganyie oili yako na mafuta yangu ya zeituni!"

"Yapi ni mazuri zaidi?"

"Nenda huko, mjinga wewe!"

Za mbele nikaziacha nyeusi. Za nyuma nikaweka njano, nikakaza shokapu zake alama mbili. Tukarudisha mitungi. Kwa kila mtungi gari lilishuka kidogo, Tannus akishika pumzi, hadi dumu la mafuta likaingia mwisho. Likashuka vidole viwili, likasimama. Nikaweka kiganja chini ya bodi, mbele na nyuma. Sawasawa.

Hunaina akashuka kwenye pikapu, akaingia kwenye kiti chake, akafunga mlango. Wakaenda hadi kanisani juu ya mawe mabaya kuliko yote ya kijiji kile, wakageuza, wakarudi. Kwenye kona ya mkahawa gari halikulala ubavu, na nadhani Tannus aliikata taratibu makusudi ili wote waone.

Sote tukamtazama Hunaina. Akagusa hereni zake, zote mbili zipo. Akageukia ngazi za nyumba.

"Wadad," akaita, "lete na ule mfuko wa kishk uliobaki."

Tannus alinibusu mashavu yote mawili, mikono yake imejaa grisi. Kisha wasiwasi ukamrudia. "Na Jumamosi ijayo, tukipanda na buti tupu?"

"Nani kakwambia tutapanda na buti tupu?" akasema Hunaina. "Wadad anataka mchele, sabuni, na mashine ya kushonea ya mama. Ile ya chuma. Wewe endesha."

Waliteremka mbele, mimi nyuma yao. Lilikuwa jambo la kupendeza kulitazama: nyuma imetulia kama sinia mkononi mwa mhudumu mzoefu, kona baada ya kona, hakuna mtungi uliolia. Katikati ya mlima mkono wa Hunaina ukatoka, ukaniashiria nipite, wao hawana haraka.

Nikapita. Nilipotazama kwenye kioo walikuwa wanabishana, wanacheka, mikono yote minne hewani. Nikakanyaga mafuta, maana springi nilizifunga mimi, lakini usukani sikuona aliyeushika.