Sanduku la Kasereka na Kitambaa Changu

Nyumbani kwangu Luzira hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, hata chupa ya chai ina kofia yake. Vyote nimefuma mwenyewe.

Kasereka, kijana Mkongo aliyepanga sebule yangu akaifanya chumba cha gemu, aliniletea sanduku jeusi lenye vitaa vya kijani.

"Mama, gemu zangu zote ziko humu. Sidii zilichubuka, nyingine zikaibwa. Sasa mashine zangu tatu zinavuta gemu kutoka hapa kwa waya. Naliweka chumbani kwako maana hakuna mwizi wa kukupita wewe."

"Hata marehemu mume wangu alipita kwa ruhusa," nikamwambia.

"Ila usilifunike. Linapumua."

Nikaitikia. Kuitikia ni bure.

Jumamosi iliyofuata, Papa Pitshou, baba mdogo wa Blandine, mchumba wa Kasereka, alikuja kuona kama gemu zinaweza kulisha mke. Alikuwa ameshatangaza kwamba mwanamume anayeshinda akibonyeza vidude hana kazi, ana ugonjwa. Asiporidhika, Kasereka amsahau Blandine.

Siku hiyo hiyo nilikuwa na wamama wa maombi, sita, wamejibana kitandani na mkekani. Moreen akalitazama sanduku likikonyeza.

"Mama Khaemba, hiki kitu kinatuangalia."

Nikatoa kitambaa changu cha sufu, kile kizito, nikalifunika. Juu nikaweka maua ya plastiki.

Tulikuwa tumefika kuombea wagonjwa wakati kelele za gemu ya mpira kule sebuleni zilipokatika. Kasereka akaingia bila kubisha hodi, akainua kitambaa, akagusa sanduku, akarudisha mkono kama aliyeshika sufuria.

"Mama, limezimika kwa joto. Na Papa Pitshou alikuwa anashinda."

"Anakushinda wewe?"

"Namwachia, mama."

"Sasa linataka nini?" Aloyo akauliza kutoka mkekani kwa wamama.

"Hewa. Haliwaki mpaka lipoe."

Nikasikia aibu, kidogo. Nikawaambia wamama washike vitabu vya nyimbo, tukalipepea, watatu huku, watatu kule, mimi kichwani. Moreen akaanzisha wimbo ili mikono iende pamoja.

Mara Papa Pitshou huyo mlangoni, kofia kichwani.

"Nani amezimia?"

Kasereka akanigeukia mimi.

"Kazi yake," nikasema. "Gemu zote anazochezesha zimo humu. Hili likifa, kijana hali."

"Nini kimelizima?"

"Joto, papa," nikajibu, huku nimekalia kitambaa.

"Na nyinyi wamama wote mmekuja kumsaidia?"

"Huyu ndiye hunibebea maji na kunizibia paa linapovuja. Ungekuwa naye wewe, ungepepea kwa mikono miwili."

Papa Pitshou akatuangalia mmoja mmoja. Akavua kofia, akajipenyeza kati ya Moreen na Aloyo, akapepea mpaka jasho likamtoka. Kasereka akabonyeza kitufe. Vitaa vikarudi.

"Kazi inayoombewa na wamama saba," Papa Pitshou akasema, akijifuta shingo, "hiyo siwezi kuikataa. Walete wazee wako, tuongee." Kisha akavaa kofia. "Lakini kwanza tumalize ule mpira. Naongoza mbili bila."

Kasereka akanitazama. Nikamkazia jicho. Akamfungulia mkwewe mlango kwa adabu, akaenda kufungwa mengine manne.