Honi Iliyokula Breki

Honi ya Gusmardi ilikuwa na midomo saba, na kila mdomo na wazimu wake. Akiipiga huko milimani Solok, nyati wa kufugwa waliokuwa wakilima matopeni walisimama kuisikiliza, na bibi mmoja kiziwi tangu enzi za utawala wa Waholanzi alitoka nje kuuliza nani anaoa. Waliosimulia haya ni madereva, lakini hata dereva husema kweli siku za mvua, na milima ile haikosi mvua.

Siku hiyo ilikuwa kavu. Gusmardi alikuwa amemaliza kona zote za mpando wa Sitinjau, saruji imejaa nyuma, mshale wa geji ya upepo ulipoanza kushuka polepole kama mzee anayetafuta pa kukaa. Upepo ukiisha, breki hujifunga zenyewe, lori likageuka nyumba. Akajikokota mpaka banda la fundi Yusniar kabla ya mteremko, akaweka mawe kwenye matairi, akatazama saa. Ilikuwa saa nne.

Baada ya adhuhuri watu wa bibi harusi wangekuja kumchukua mpwa wake, Ilham. Kwao mwanamume ndiye huchukuliwa, wala hatoki kwa mama yake mpaka mjomba ajibizane maneno na wageni, kisha amkabidhi. Mjomba mwenyewe ndiye Gusmardi. Maneno hayo alikuwa ameyakariri mwezi mzima juu ya usukani, na alikuwa amemwambia Ilham, "Ukisikia honi yangu darajani, vaa kofia."

Yusniar alikuwa na miaka ishirini ya kuziba upepo wa malori, na ilisemekana alisikia mbu akipiga miayo. Hakushika spana kwanza. Alikoroga sabuni ya unga kwenye kopo, akaingia uvunguni na brashi, akapaka kila kiungo. Penye tundu, povu huvimba.

Likavimba nyuma ya tangi la upepo. Akakata kipande cha paipu kilichopasuka, akaunga kwa shaba, akakaza nati. Gusmardi akawasha injini, mshale ukapanda. Akazima, mshale ukaanza kushuka tena.

"Kaka, kuna kitu umeunga kwenye upepo huu?"

"Kitu gani, dada? Liko vilevile lilivyotoka kiwandani."

Alidanganya kwa sababu Yusniar alijulikana kwa kuwasema wenye honi za namna hiyo mbele za watu, na ya Gusmardi fundi mmoja wa Padang aliichepushia upepo kutoka paipu ya breki yenyewe.

Basi Yusniar akarudi uvunguni. Akapaka kutoka mbele hadi nyuma, akafungua pakiti ya pili, lori likawa jeupe kama linakwenda kuolewa lenyewe. Madereva wawili waliokuwa wakinywa kahawa ipikwayo kwa majani ya mbuni hapo jirani wakauliza kama saruji nayo itafuliwa. Ikafika saa sita kasorobo, na hakuna kilichovimba.

Yusniar akatoka, akazima redio, akawanyamazisha wale wawili kwa kidole. Hapo ndipo kutoka juu ya kichwa cha lori ikasikika sauti nyembamba ya puani: fiii. Mdomo wa tatu wa honi ulikuwa unajiimbia, kama mtu anayesinzia msibani.

"Na hiyo nayo ilitoka kiwandani?"

Gusmardi akaitazama milima. "Kiwanda cha jirani, dada."

Wale wa kahawa ikawatokea puani. Yusniar hakucheka. Akamwambia honi inakula breki zake naye anaishikia sahani. Kwenye kona ya kwanza huko chini angepiga wimbo mtamu, breki zijifunge ghafla mteremkoni, kisha kimya cha milele. Gusmardi akambembeleza aiponye kwa leo tu, mpwa anaoa. Yusniar akasema inawezekana, ila itahitaji tangi lake peke yake, na kazi itafika jioni. Kuikata na kuziba njia yake kwa bolti ni dakika kumi.

"Chagua, kaka. Honi au harusi."

Gusmardi akaitazama ile midomo saba, akaitazama saa.

"Ziba."

Mshale ukapanda hadi nane, ukakaa. Waliusubiri kikombe kizima cha kahawa, haukutikisika.

Akateremka kimya. Hakuna nyati aliyesimama. Darajani kidole kilikwenda chenyewe kwenye kitufe, kikarudi na aibu yake. Akaingia nyumbani kwa dada yake kwa mlango wa jikoni, akakuta wageni wameshaketi mikekani, na shemeji yake Syamsir, baba wa Ilham, akimnong'oneza mzee mmoja wa ukoo ajiandae kusema yeye.

"Gusmardi hajafika," Syamsir alikuwa akisema. "Angefika tungemsikia."

Ilham alisimama kando, kofia mkononi.

Gusmardi akakohoa nyuma yao. "Vaa kofia, mwanangu. Leo upepo wote nimeyawekea maneno."

Akaenda akasema. Alisema mpaka wali ukapoa, na Ilham akatoka kwa heshima zote. Wanaodai kwamba wageni waliomba sabuni wampake mjomba, wajue anavujia wapi, ni madereva hao hao.