Mtu Aliyewajua Waarabu

Njogu hakuamini habari yoyote iliyotoka Uarabuni, na pale Kitengela watu walimheshimu kwa ajili hiyo. Alikuwa amekaa huko miaka mingi, akiendesha lori la maji katika nchi moja ya Ghuba. Aliporudi alifungua duka la dawa za mifugo kando ya barabara ya Namanga na kutundika televisheni juu ya rafu ya dawa za kupe. Wateja waliokuja kununua chakula cha vifaranga walibaki kumsikiliza akibishana na mtangazaji.

"Huyo waziri amesomewa hayo maneno," alikuwa akisema huku akipima pumba. "Kule gazeti ni ya mfalme, redio ni ya mfalme, hata jua ni ya mfalme. Mimi nimefanya kazi kwa joto ya kuyeyusha viatu, halafu jioni televisheni inasema leo joto ilikuwa ya kawaida. Wangesema ukweli wangelazimika kutupumzisha. Na hao wakubwa unaona wakitukanana hapo, wakizima kamera wanakula ngamia pamoja."

Watu walicheka. Wengi wao hawakujua kwamba mzaha huo ulianzia kwenye moto. Rafiki yake Muthama, kijana wa Machakos aliyelala kitanda cha juu yake, aliungua pamoja na vibarua wengine katika bweni lililokuwa limefungwa kwa nje. Njogu alisaidia kuwatoa kwa mikono yake. Jioni ile televisheni ikatangaza kwamba moto umezimwa na hakuna aliyepoteza maisha. Tangu siku hiyo Njogu aliapa hakuna mtu atakayemwambia tena nini kimetokea wapi.

Nalotuesha alimwamini kuliko wote. Alikuwa mjane wa Isinya, mama wa mtoto mmoja, na alikuwa akinunua dawa za mbuzi wake kwa Njogu tangu duka lilipokuwa kibanda cha mabati. Binti yake, Caroline, alikuwa Lebanoni akifanya kazi za ndani katika mji mmoja wa kusini. Mabomu yalipoanza kuanguka huko, Nalotuesha hakwenda kwa mchungaji wala kwa chifu. Alipanda gari akaja dukani.

"Takwenya, Mama Caro," Njogu alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia. Hakuketi. Alimnyoshea simu. "Sikiza huyu mtoto. Uniambie nimjibu nini."

Sauti ya Caroline, aliyoirekodi na kuituma, ilijaa dukani. Alisema mwajiri wake amekimbia na familia yake, amemwachia funguo na kumwambia alinde nyumba. Alisema Nanjala, msichana wa Bungoma wa nyumba ya pili, amepata lori la kuwapeleka Beirut, na lori linaondoka leo mchana. Nyuma ya sauti yake kitu kizito kiligonga, kama mlango wa kontena ukifungwa. "Mama, niende au nikae? Huyu mama wa hii nyumba alisema nikitoka ataniripoti kwa polisi. Uliza Baba Ciku. Yeye anajua hii mambo."

Duka lilikuwa na watu, na wote walimgeukia Njogu, Baba Ciku mwenyewe. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Lebanoni. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama amewahi, naye hakuwa amelitaja.

"Asitoke," alisema.

"Lakini huo mshindo..."

"Mama Caro, nisikilize. Kule ukitoka kwa mwajiri bila ruhusa unaitwa mtoro. Watamfunga. Nimeona wasichana wamefungwa mpaka wakasahau majina. Na hii vita ni maneno. Hao wote wameongea tayari, wanarusha hizo vitu kwa mashamba ndio wapate kuonekana kwa televisheni. Wiki ijayo utasikia wamepatana."

Alichukua simu akabonyeza kurekodi, akasema kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kusikilizwa: "Caro, huyu ni Baba Ciku. Kaa ndani, funga mlango, linda nyumba ya watu. Usifuate hao wengine. Hakuna kitu hapo."

Caroline alijibu papo hapo. "Sawa, Baba Ciku. Asante sana."

Nalotuesha alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akarudi Isinya ametulia.

Siku iliyofuata televisheni ilionyesha jengo lililokatika katikati, pazia la chumba cha juu likipepea mahali ambapo hapakuwa na ukuta. Mtangazaji alitaja mji ule wa kusini. Njogu aliwaambia wateja kwamba picha hizo ni za zamani, za nchi nyingine kabisa, kwamba yeye amewahi kuliona jengo hilo hilo kwenye vita vya watu wengine. Alilisema vizuri. Mtu mmoja akampigia makofi.

Simu ya Nanjala iliingia Nalotuesha akiwa pale pale dukani, kwa kuwa tangu Caroline anyamaze alikuwa haondoki. Mama alisikiliza kidogo, akakaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe. Njogu akaichukua simu na kuiweka kwa sauti ya juu, duka zima likasikia.

"Nanjala ni wewe? Sema vizuri. Umemwona kwa macho yako?"

"Hapana, mzee, mimi nilikuwa nimefika Beirut. Lakini jirani wao, Muethiopia, ndiye..."

"Kwa hivyo haukuwa hapo."

"Sikuwa, lakini..."

"Huyo Muethiopia ameona uso wake? Ama ameona nyumba imeanguka akaamua yeye mwenyewe?"

Msichana alianza kulia. "Mzee, nilimwomba tuende. Nilimvuta mkono. Alisema ameambiwa na nyumbani akae."

Njogu alihisi macho ya watu yakimpanda kutoka miguuni. Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Badala yake alisema, taratibu na kwa uwazi, "Wewe ulimwacha rafiki yako, sasa unatafuta mtu wa kubebeshwa. Wachana na huyu mama. Usimpigie tena." Akakata. Akaifuta ile namba.

"Mama Caro," alisema, "Caro yuko. Simu imepotea tu."

Mama alimwangalia kama mtu aliyevutwa kutoka kisimani.

Jeneza lenye jina la Caroline lilipofika kutoka Lebanoni, lilikuwa limefungwa kwa bati na kupigwa muhuri wa Kiarabu. Lilitoka uwanja wa ndege likapelekwa chumba cha maiti huko Kajiado. Metito, shemeji yake Nalotuesha, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha magadi kule Magadi na kurudi nyumbani kwa nadra, ndiye aliyelisimamia. Alitaka binti wa kaka yake azikwe upesi na kwa heshima. Nalotuesha alikataa. Alisimama nje ya chumba cha maiti, shuka ameivuta mpaka kidevuni, akasema hatazika bati.

"Baba Ciku alisema hao wanaweza kuleta mtu yeyote," alisema, akimwangalia Njogu aliyekuja naye. "Wanachanganya watu. Si ulisema?"

Njogu alikuwa amesema. Alilisema mara nyingi, na kila alipolisema mama aliweza kula chakula kidogo.

"Basi tufungue," Metito akasema. "Mimi nilimwona huyu mtoto mara ya mwisho akiwa darasa la tano. Sitajidanganya kwamba namjua. Mama yake aangalie."

Nalotuesha alirudi nyuma hatua moja. Kwao mtu hakimbilii kuangalia maiti, sembuse ya mtoto aliyemzaa. Alimgeukia Njogu. "Wewe niangalilie. Ukiniambia ni yeye, nitakubali. Ukiniambia si yeye, nitakubali."

Mhudumu wa chumba cha maiti alikata bati kwa makasi, akalikunja. Metito aliangalia kwanza, akafumba macho, akapisha.

Upande mmoja wa uso ulikuwa umeharibika. Upande wa pili ulikuwa mzima, na juu ya nyusi kulikuwa na kovu dogo lenye umbo la mwezi mchanga. Njogu alilijua kovu hilo. Ndama alimpiga Caroline teke akiwa mdogo, mama yake akamkimbiza dukani akivuja damu, na Njogu akamsafisha yeye mwenyewe, akampulizia ile dawa ya zambarau ya vidonda vya ng'ombe. Mtoto alikwenda shuleni na uso wa zambarau, na kila aliyepishana naye njiani alicheka, yeye pia akicheka.

Aliegemea meza ya chuma. Ilikuwa baridi. Alisikia kandambili za Nalotuesha zikikwaruza sakafu nje ya mlango, akajua kwamba neno moja likimtoka, lile la pili litafuata: kwamba ni nani aliyemwambia akae. Hatalisema Nalotuesha peke yake. Litasemwa dukani, kanisani, mbele ya mke wake Mwihaki, na kila mtu aliyewahi kucheka akiinama juu ya kaunta yake atakumbuka lile agizo na sauti iliyolitoa.

Akatoka nje.

"Si yeye," alisema.

Nalotuesha hakupiga kelele. Alicheka, kicheko kidogo cha koo, akajifunika uso kwa shuka, mabega yakitikisika. Kisha akaanza kumshukuru Mungu kwa Kimaasai, bila kupumua, kama mtu anayeogopa kukatizwa.

Metito alimfuata Njogu hadi kwenye maegesho ya gari.

"Nilikuona ukimtambua," alisema.

"Umeona vibaya."

"Mkono wako ulishika meza. Mtu hashiki meza kwa sababu ya mgeni." Metito hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama Caro ameniambia juu ya rafiki yako aliyeungua. Walikuambia hakuna aliyekufa, na wewe ulikuwa umewabeba. Ulijua ni uongo kwa sababu ulikuwa umewabeba, mzee. Sasa umemwona huyu kwa macho yako, na ni wewe unayesema hakuna aliyekufa. Wewe na ile televisheni yao mnatofautiana wapi?"

Njogu alifungua mlango wa gari. "Zika mgeni wenu," alisema, na mara tu lilipomtoka alijua kwamba hata kati ya maneno aliyowahi kumwambia adui, hilo lilikuwa bovu kupita yote. Hakulirudisha.

Caroline alizikwa Isinya katika shamba la babake, na waombolezaji wachache, na mchungaji ambaye hakujua ataje jina gani. Metito alimwambia ataje Caroline. Nalotuesha hakutoka nyumbani. Wakati wanafukia kaburi alikuwa upande wa pili wa ua, akikamua mbuzi, na waliokuwepo wanasema alikuwa akiimba. Walipokwisha kuondoka aliwaambia majirani wampe pole mama wa yule msichana, popote alipo, kwa sababu amezikiwa mtoto ugenini.

Mwihaki alimuuliza mumewe mara moja tu. Walikuwa wanakunywa chai asubuhi. "Wewe uliingia mle ndani. Alikuwa nani?"

"Sijui. Msichana tu."

Mwihaki akachukua kikombe chake akaenda kunywea nje. Tangu siku hiyo alikula kivyake.

Metito alijaribu. Alikuja kutoka Magadi na wazee wawili, wakamkalisha Nalotuesha, wakamweleza. Aliwasikiliza kwa adabu, akawapa chai, akawauliza kama wao wamewahi kuishi na Waarabu. Wakasema hapana. Akawaambia basi wamwachie anayewajua. Metito alitoka akalia kando ya zizi, akarudi kazini, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya tena, hakurudi.

Mabomu yalipotulia kidogo huko Lebanoni, Nalotuesha aliuza mbuzi wake wote. Alikuja dukani Kitengela amevaa viatu vipya vya kufunga, na paspoti ndani ya kitambaa kifuani.

"Nimepata," alisema. "Kuna mtu Nairobi ananipangia safari. Nitaenda kumtafuta mwenyewe."

Njogu alikuwa amefungua katoni ya sindano. Aliziweka chini. "Mama Caro, kule si mahali pa mtu wa umri wako. Watakusumbua."

"Wewe ulikaa ukarudi."

"Vita inaweza kurudi."

Alimcheka, kwa upole, kama unavyomcheka mtu anayesahau mambo yake mwenyewe. "Si uliniambia ni maneno?"

Njogu alifungua mdomo. Alikuwa na nafasi hapo, kubwa kama mlango wa duka, na hapakuwa na mteja hata mmoja. Alitazama viatu vile vipya, soli zake bado hazijachafuka. Alimwona Caroline juu ya meza ya chuma. Akaziokota tena zile sindano, akaanza kuzipanga.

"Nifundishe tu maneno machache," Nalotuesha alisema, akivuta stuli. "Nikifika nitashika picha yake niulize watu njiani. Nitasema nini? Binti yangu yuko wapi?"

"Wen binti," Njogu alisema.

"Binti?" Uso wake ulifunguka kwa furaha. "Hata wao wanasema binti?"

"Hata wao."

"Basi si watu wabaya sana. Wen binti."

"Vuta kidogo hapo mwanzo. Weeen."

"Weeen binti. Weeen binti. Na wakinijibu, nitajuaje wamesema nini?"

Mtu aliingia akitaka chakula cha kuku wa mayai, na Njogu akashika kijiko cha bati akaanza kupima, akamwaga, akapunguza, akaongeza, na mzani ukakataa kutulia. Nalotuesha alisogeza stuli yake kumpisha mteja, akaegemea magunia, akaendelea kujisemea kwa sauti ya chini, akirekebisha lile neno la kwanza.