Beleshi la Hille

Nasali rozari kitandani, mizigo imeshafungwa kamba, kwa kuwa mwanangu Gaudensi amekuja na kesho anataka kunihamishia kwake Dodoma. Anasema mto unakula kiwanja na mimi mjane niko peke yangu, nami sijamjibu ndiyo wala hapana, nimemwambia tu ngoja nisali. Ulimi unakuwa mzito katikati ya Salamu Maria, nashusha mguu nitafute kandambili, na mguu unakanyaga nyasi zenye maji. Niko juu ya tuta. Tuta refu lisilo na mwisho, kulia bahari ya rangi ya majivu, kushoto mashamba, na bahari iko juu kuliko mashamba, kama sufuria iliyojaa kando ya mtu aliyelala. Hapo najua nilipo. Ni Olderwerd, kijiji cha Uholanzi alikozaliwa marehemu Padre Harmen aliyetufundisha katekisimu, ambaye kila akifika kwa Musa na Bahari ya Shamu alimwacha Musa majini akaingia habari za kwao: jinsi wazee wa kwanza walivyorundika udongo na samadi wapate kilima cha kulalia, jinsi walivyokizungushia tuta, na kila nyumba ikapewa kipande chake cha kulinda. Kijiji chenyewe ndicho hiki, ila hakitulii. Nakitazama ni vibanda vya udongo na ng'ombe, nakitazama tena ni nyumba za matofali na kanisa, nakitazama tena ni mnara peke yake unatoka majini, na ndani ya maji kijiji kingine kimesimama kichwa chini na watu wake wanaanika nguo. Natembea, kijiji kiko ubavuni mwangu, natembea, bado kiko ubavuni, na hakuna anayeniambia karibu.

Mama mmoja mwenye kofia nyeupe ya kitambaa yuko mbele yangu. Anageuka, na chini ya kofia hakuna uso, ni laini tupu kama kisigino cha mtoto mchanga. Shikamoo, namwambia, maana sijui umri wake. Haitikii marahaba, anasema, Kitendawili. Nasema, Tega. Jirani yangu haombi chumvi wala moto, lakini siku nikisinzia analala kitandani kwangu. Hilo si gumu, mama, ni bahari. Basi usisinzie, anasema, na hayupo tena. Pale alipokuwa naona beleshi limechomekwa wima kwenye tuta, mpini umelowa, na mwanamke anashuka kuelekea mashambani mikono mitupu. Kwetu jembe likisahauliwa njiani jirani hulirudisha kwa mwenyewe, mvua isije ikaozesha mpini, ndivyo tulivyolelewa. Nalichomoa. Naita, Dada, umesahau beleshi lako.

Anasimama. Huyu naye ana kofia nyeupe, ila ana uso, umechoka, wa rika langu. Anasema anaitwa Hille, mjane, na ananieleza polepole kama mtu anayemwamsha mgonjwa, kwamba hapa asiyeweza tena kulinda kipande chake huchomeka beleshi akaondoka na nguo za mwilini tu, na atakayelichomoa anachukua vyote, nyumba, shamba, ng'ombe, na kile kipande cha tuta mpaka afe. Namwambia sikujua. Hata mimi sikujua nilipoolewa, anasema, na anakaribia kucheka. Nyuma yangu wamekusanyika watu wasio na nyuso wananong'ona kwamba mgeni kalichomoa, tena pekupeku, na mmoja anauliza kama kwetu hata msumari ukutani huwa tunauonea huruma tukauchomoa. Siwajali. Hille, nasema, mumeo unamwacha na nani? Ananionyesha makaburi, bondeni chini ya tuta, mahali maji yatakapofika kwanza. Namwacha na wewe, anasema. Anaenda, anakuwa mdogo, anakuwa kofia, anakuwa kidoa cheupe njiani.

Bahari inavimba. Nachota udongo, nashindilia, nachota, nashindilia, na miaka ya kijiji inapita mgongoni mwangu, kengele, farasi, askari wa mfalme nisiyemjua, harusi, watu wa baiskeli, wote wanapita na hakuna anayesema pole. Mikono inaniuma. Naweza kulichomeka nami niende, sheria inaruhusu, hakuna atakayenilaumu. Nalinyanyua. Ndipo naangalia chini makaburini, na katikati ya mawe yao upo msalaba wa mbao niliopaka rangi ya buluu kwa mkono wangu, wa marehemu baba Gaudensi aliyezikwa uani kwangu, na maji yanaugusa miguu. Umefikaje huku, hakuna wa kumuuliza. Nalishusha beleshi. Nachota, nashindilia.

Mama, mama. Gaudensi amekaa ukingoni mwa kitanda, anasema gari liko tayari, anaomba ufunguo wa mlango ampe jirani. Namwambia, Fungua kamba, baba, urudishe vyombo ndani. Ananitazama sana. Utabaki na nani, mama? Na baba yako, nasema. Anainama, anaanza kufungua kamba. Nje maji yananguruma, sijui ni mto au ni bahari, wala sijui kama nimeamka kweli, au mimi ni yule mjane wa tutani aliyeegemea nyasi akapitiwa na usingizi, akaota ana mwana mkubwa anayemtii, na kama ndivyo, nani anashindilia udongo sasa hivi.