Tofi za Bi Marples

Katika Sheffield, mji wa wafua visu huko Uingereza, Hephzibah Marples alipika tofi na mumewe Enoch akaziuza. Watu walisema duka ni la Enoch, lakini ladha iliyowavuta ilitoka mikononi mwa mkewe.

Mwaka mmoja mhubiri alieleza kanisani jinsi watumwa wanavyochapwa kwenye mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi, vilivyotawaliwa na Waingereza. Hephzibah akajiunga na chama cha wanawake waliotaka utumwa ukomeshwe. Walipita nyumba hadi nyumba wakiwaomba akina mama waache sukari ya watumwa. Yeye akapewa mtaa wa wanoa visu, na huko akabisha kwa Keziah Staniforth, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno.

"Unataka ninywe chai chungu, Bi Marples?"

"Naomba hivyo, mama. Sukari hiyo imelimwa kwa viboko."

"Na tofi zako je, zimelimwa kwa nyimbo za kanisani? Juzi tu nimemnunulia huyu mwanangu dukani kwenu. Nenda kamhubirie mumeo kwanza. Ukirudi utanikuta papa hapa."

Jirani aliyekuwa dirishani akacheka. Siku zote Hephzibah alijiambia kwamba duka ni mambo ya Enoch. Sasa uso ulimwaka kwa aibu, akarudi nyumbani moja kwa moja.

"Tununue sukari ya Bengali, kule India," alimwambia mumewe. "Haina watumwa."

"Ni ghali, tena ina mchanga. Chama ndicho kimekutuma?"

"Chama hakijasema kitu. Keziah Staniforth ndiye kasema."

"Yule mropokaji?"

"Huyo huyo. Na kweli kasema. Enoch, hii ya Karibi siipiki tena."

Enoch alidhani ni hasira za siku moja. Alipoona sufuria zimebaki baridi, alivaa aproni akaanza kupika mwenyewe. Sukari ilifura, ikamwagika, ikamganda kwenye kifundo cha mkono. Hephzibah alikimbia na ndoo ya maji, akamtumbukiza mkono, kisha akaufunga kwa kitambaa safi.

"Nipikie basi mpaka nipone," Enoch alisema, meno yameumana.

"Nitakuuguza, mume wangu. Kupika sipiki."

Enoch aliutazama mkono wake uliofungwa. Kisha akauliza, "Kule Karibi, juisi ya miwa nani anaichemsha?"

"Hao hao watumwa."

"Na wakiungua hivi?"

"Mhubiri alisema hurudishwa jikoni kabla kidonda hakijakauka."

Kidonda kilipopona, Enoch aliagiza sukari ya Bengali.

Mambo hayakuwanyookea. Tofi zilitoka nyeusi na zenye chengachenga, wateja wakahamia kwingine, na mwishowe wakalazimika kuhamia kibanda cha uchochoroni. Kuna siku Enoch alimlaumu mkewe mbele za watu, na Hephzibah alilia akiwa peke yake. Sukari ya Karibi hawakuigusa tena.

Keziah alikuja kuonja. "Inakwaruza meno," alisema huku akitafuna, akachukua nyingine. Wiki iliyofuata alijitokeza kwenye mkutano wa chama. Wanawake walipomwona anabisha milango pamoja na mke wa Marples, wengi waliacha kucheka wakasikiliza.

Miaka ikapita kabla Bunge halijapitisha sheria ya kukomesha utumwa. Enoch alikuja mbio na habari hiyo, lakini Hephzibah alimtaka aisome yote. Sheria iliwaacha watu wale chini ya mabwana wao wale wale kwa miaka kadhaa zaidi, eti wajifunze uhuru.

"Wajifunze nini?" Keziah aliuliza. "Kuchoka wanajua tayari."

Wakarudi kubisha milango, na safari hii Enoch alifuatana nao. Miaka mitano baadaye watu wa Karibi waliachiwa kabisa. Asubuhi hiyo Hephzibah alifunga jiko, akaenda kanisani, akaketi kati ya mumewe na Keziah. Mhubiri alipotaja visiwa kimoja kimoja, Enoch alimshika mkono, naye hakuuondoa.